Miguu ya Baba na Alhamisi Kuu

Waliomkosea baba yangu ni wawili: nyapara wa shamba la pareto na katekista wa kigango chetu, kule juu milimani Mbeya. Majina yao ninayo. Siyaandiki kwa kuwa mjukuu wa mmoja ndiye ananiuzia sukari.

Tulitoka Iringa kufuata kibarua. Nyapara akampanga baba kwenye zizi la mzungu mwenye shamba, penye funza, na buti za kazi zilizokuwa za baba akajitwalia yeye. Miguu ya baba ikavimba, ikapasuka.

Kigangoni palikuwa na picha ukutani, Yesu kapiga magoti anawaosha miguu wanafunzi wake, na beseni zuri kama la harusi. Baba aliipenda picha ile kuliko mahubiri. Kwaresima ilipoanza, katekista akamwambia kwamba Alhamisi Kuu naye atakuwa kati ya wale kumi na wawili wanaooshwa miguu na Padri. Baba alirudi nyumbani anaimba.

Mama akaingiwa aibu. Kwetu aliyechaguliwa kuoshwa hujiosha kwanza, Padri asije akakuta kitu cha kuosha. Basi kila jioni alichemsha majani ya mkaratusi, akamimina kwenye karai, akatia chumvi.

"Tumbukiza."

"Mama wee, unanichemsha kama viazi!"

"Afadhali viazi, vinaiva."

Funza aliwatoa kwa pini, visigino akasugua kwa jiwe la mtoni. Nyumba ilinukia mkaratusi na moshi, na sisi watoto tuligombania maji ya moto yaliyobaki chunguni. Mpaka leo nikipita penye mikaratusi napunguza mwendo. Miguu ikapona kabisa.

Alhamisi yenyewe katekista akamzuia mlangoni.

"Kamwene, mtu wa Iringa," akaiga salamu ya kwetu. "Nafasi yako nimempa nyapara."

"Kwa nini, mwalimu?"

"Una funza. Utamwambukiza Padri."

"Si uitazame kwanza?"

"Nilishaitazama Januari."

Baba alikuwa ameshavua viatu vya kuazima. Nyapara akapita mbele, akavua buti zile zile, mguu ukatoka umekunjamana kama umelowekwa. Baba alikaa benchi la nyuma mpaka mwisho, viatu mkononi.

Mambo ya kuoshana miguu yalikuwa ya ndani; mke hakumwosha mumewe mbele za watu. Lakini baada ya Pasaka, jioni moja, baba alibeba karai mwenyewe akaliweka nje, kando ya njia anayopita katekista. Akakunja suruali. Mama alisita, akatazama huku na huku, kisha akachuchumaa, akaanza. Majirani wakatoka kushangaa.

Katekista akaja anakokota baiskeli.

"Hamjambo?" Macho kayapeleka pembeni.

"Hatujambo, mwalimu. Karibu utazame, leo si Januari."

Majirani wakaangua kicheko. Katekista akarukia baiskeli, akateremka mlima bila kuaga. Baba alicheka hadi maji yakamwagika, na mama, bila kuinua kichwa, akamwambia, "Tulia basi. Lete mguu mwingine."