Chupa ya Maji ya Ziwa

Chupa hii nimeiosha mara nyingi, na bado nikiizibua hunukia tope na moshi wa kuni. Ndiyo aliyorudi nayo Likoni shangazi yangu, baada ya kujitanda buibui na kupanda basi peke yake, akapita milima na mashamba ya bara hadi akaliona ziwa.

"Shikamoo, mama."

Nyanya, aliyekuwa ameapa hatamsemesha tena binti yake huyo mtembezi, hakuitika.

"Nimeona maji hata ng'ambo haionekani, na hayana chumvi."

"Mwongo! Maji mengi hivyo yakose chumvi?"

Shangazi akanimiminia kiganjani. Nikalamba. Matamu, wallahi! Nikamtazama shangazi, nikamwona mrefu kuliko mlango.

Nyanya akaichukua chupa, akanywa funda moja. Kisha akasema, "Marahaba. Hilo basi huondoka saa ngapi?"