Sista Kamba, mama mkwe na mguu wa refa

Saa moja asubuhi, wodi ya mifupa inanukia dawa ya sakafu na chai ya maziwa. Muuguzi wa zamu amepiga magoti mwishoni mwa kitanda cha dirishani. Shavu lake nusura liguse sakafu, na jicho moja amelifumba kama fundi mwashi anayepima ukuta.

"Sista, umepoteza hereni?" anauliza mgonjwa aliyelala juu ya kitanda hicho.

"Nimepoteza imani na wewe," anajibu bila kuinuka. "Tulia hivyo hivyo."

Anachokitazama ni nafasi kati ya sakafu na vyuma vya mviringo vinavyoning'inia kwenye kamba. Nafasi ipo. Anainuka, anajipangusa magoti, kisha anaifuata kamba kwa kidole: kutoka kwenye vyuma, juu ya gurudumu dogo liitwalo kapi, hadi kwenye pini iliyopitishwa katika mfupa chini ya goti la mgonjwa. Anabonyeza ukucha wa kidole gumba cha mguu na kungoja rangi irudi.

"Chezesha vidole."

Vidole vinacheza.

"Kisigino?"

"Kipo."

"Kwamba kipo nakiona. Kinauma?"

"Hakiumi, Sista."

Wagonjwa humwita Sista Kamba. Jina hilo hakulichagua, lakini hana namna ya kulikimbia. Katika wodi hii yenye vitanda ishirini na vinane na wauguzi wawili kwa kila zamu, yeye huuliza hali ya kamba kabla ya kuuliza habari za asubuhi. Mumewe, dereva wa lori, anadai kuwa hata nyumbani hawezi kupita kwenye kamba ya nguo bila kuibonyeza aone kama imekaza. Sista hakanushi. Anasema tu kwamba ile ya nyumbani imelegea na mumewe anajua.

Alipohitimu uuguzi aliomba wodi ya watoto. Akaletwa huku "kwa muda," na muda huo umefika mwaka wa kumi na sita. Mgongo wake umeanza kulalamika, kwa sababu watu wazima hawabebeki kama watoto, na magotini, ndani ya suruali ya kazi, huvaa vipande vya sponji alivyokata mwenyewe kwenye godoro lililochakaa.

"Watu hudhani mfupa huungwa kwenye chumba cha upasuaji," anasema huku akimgeuza mzee mmoja asipate vidonda vya mgongo. "Mfupa huungwa kitandani. Mwenye mfupa amechoka, anawashwa, ana hasira, na shangazi yake amemkalia blanketi."

Mashangazi ndio walimfundisha kazi, anaongeza. Yupo aliyeona vyuma vinaning'inia bure akatundikapo mkoba wake, akashangaa mpwa wake anapiga kelele. Yupo mjomba, mpakia mizigo wa sokoni, aliyelidharau fundo la hospitali akalifungua ili afunge lake zuri zaidi. Wote walikuwa na nia njema. Sista Kamba anaogopa nia njema kuliko anavyoogopa kutu.

Nia njema iliyokaribia kumshinda ilikuwa ya kitanda hiki cha dirishani.

Mgonjwa wake ni refa wa mpira wa miguu, mwanamume wa miaka thelathini na tisa. Kwa miaka mingi mashabiki wamekuwa wakiahidi kumvunja miguu, na hakuna aliyetimiza. Paja lake lilivunjikia nyumbani kwa mama mkwe, juu ya ngazi, akimtundikia mama huyo mapazia. Alianguka akiwa ameshika pazia na hakuliachia, jambo ambalo mama mkwe hulitaja kwa fahari kwa kila anayeuliza.

Paja likivunjika, misuli yake mikubwa hujikunja na kuzivuta ncha za mfupa zipandane. Kazi ya vyuma ni kuivuta misuli hiyo mfululizo, mchana na usiku, hadi ichoke na kuziachia ncha zikutane. Refa alikuwa amevutwa kwa kufuata maelekezo yote. Lakini picha ya kwanza ya eksirei ilionyesha ncha zimepandana, na picha ya pili ikaonyesha vivyo hivyo.

"Huu mfupa unatugomea," daktari wa mifupa alisema akiwa ameinyanyua picha kwenye mwanga. "Tukipiga nyingine Ijumaa ikawa hivi hivi, itabidi asubiri foleni ya kuwekewa chuma ndani. Foleni mnaijua. Mfupa ukishika vibaya kabla zamu yake haijafika, mguu utakuwa mfupi."

"Mfupi kiasi gani, dokta?" Refa aliuliza.

"Kiasi cha kuchechemea."

Refa alitazama dari. Refa anayechechemea hawezi kuukimbilia mpira, na refa asiyeufikia mpira huamua kwa kukisia, na anayekisia hapewi mechi. Hata uwanja wa shule hawampi. Siku ile hakunywa chai.

Sista Kamba alirudi kwenye kamba yake. Kila asubuhi aliikuta sawa. Vyuma vilikuwa vile vile na kapi lilizunguka vizuri. Jambo moja tu halikumkalia vizuri. Wauguzi wa usiku walisema Refa hulala vibaya, msuli wa paja ukimkaba hadi akaguna, ilhali jioni, wageni wanapoondoka, huwa na uso wa mtu aliyetoka likizo.

"Jioni anafurahi, usiku anaguna," alimwambia daktari. "Kuna kitu hapo katikati."

"Hapo katikati kuna saa ya kutazama wagonjwa," daktari akasema, na wote wawili wakawaza jambo lile lile.

Walianza na shahidi. Kitanda cha jirani kina fundi wa paa aliyeteleza kwenye mabati, mguu wake umefungwa plasta hadi juu ya goti. Huyu huona kila kitu na kwa kawaida husema kila kitu, hata asichoulizwa.

"Mimi? Sijaona," alisema.

"Fundi, wewe juzi umeniambia mfagiaji amebadilisha viatu."

"Viatu nimeona. Mengine sikuona. Mimi mgonjwa, Sista, nitajuaje ya watu?"

Kando yake palikuwa na bakuli tupu la supu. Mke wa fundi alikuwa safarini, kwa hiyo supu haikutoka kwake. Sista alilitazama bakuli, akamtazama fundi, na fundi akaanza kuhesabu mabati ya dari.

Jioni ile, zamu yake ilipokwisha, hakwenda nyumbani. Alijibanza nyuma ya pazia la kukunjwa ambalo hutumika mgonjwa anapooshwa, akajishughulisha kukunja bandeji.

Kengele ya wageni ililia. Aliyeingia wa kwanza alikuwa mama mkwe wa Refa, mwanamke mfupi, mnene kiasi, aliyestaafu kazi ya kupikia wanafunzi katika shule ya bweni. Alimmiminia fundi supu, akammiminia mkwewe. Kisha akavuta stuli hadi mwishoni mwa kitanda, akakunja mikono ya blauzi, akainua vyuma vyote kwa pamoja kama sufuria ya uji, na kuviweka juu ya stuli.

"Pumzika, mwanangu. Wamekuvuta vya kutosha leo."

"Ahsante, mama," Refa akasema kwa sauti ya mtoto wa darasa la kwanza.

Pazia lilikunjuka lenyewe, au ndivyo ilivyoonekana.

"Shikamoo, mama," Sista Kamba akasema. Alikuwa ameandaa maneno makali, lakini salamu ilitangulia, na ikishatangulia maneno makali hukosa mlango.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Karibu supu."

"Sijambo. Mama, hivyo vyuma umeviweka hapo tangu lini?"

"Tangu juma la kwanza. Usiwe na shaka, nikiondoka narudisha kama nilivyovikuta. Mimi si mtu wa kuacha vitu vya watu ovyo."

Sista alimgeukia mgonjwa. Refa alikuwa amejifunika shuka hadi kwenye pua.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Tulikueleza vyuma visiguswe."

"Mlinieleza."

"Wewe unawatoa uwanjani mabeki wenye mapaja kama magogo. Mama huyu amekushinda?"

"Sista," Refa alisema kutoka chini ya shuka, "beki hajanipa mke. Huyu ni mama mkwe. Nimwambie nini? Nimpulizie filimbi?"

Fundi wa paa alicheka hadi plasta ikagonga chuma cha kitanda. Sista akamnyooshea kidole. "Na wewe, shahidi wa supu, nitakuja kwako."

Kisha akavuta stuli nyingine, akaketi uso kwa uso na mama mkwe. Alichukua bandeji, akampa ashike ncha moja, yeye akashika nyingine, wakavuta mpaka ikanyooka.

"Huu ni mguu wake, mama. Tukivuta, umenyooka. Sasa achia."

Mama aliachia. Bandeji ikajikunja magotini mwa Sista.

"Tumevuta usiku kucha na mchana kutwa, umenyooka. Jioni unakuja wewe, unaachia. Inabidi tuanze upya kila siku. Na usiku huyu anaumia, kwa sababu msuli uliolegezwa unavutwa tena kwa nguvu."

Mama mkwe aliitazama bandeji. Supu ilikuwa ikipoa na hakuna aliyeigusa, hata fundi.

"Kwa hiyo ngazi ilimvunja mara moja," alisema taratibu, "na mimi namvunja kila jioni."

"Sikusema hivyo, mama."

"Nimesema mimi." Alisimama, akainua vyuma kutoka kwenye stuli, akavishusha polepole, kwa mikono miwili, hadi kamba ikakaza. Refa alisaga meno.

Mtu mwingine angemfukuza mama huyo wodini. Sista Kamba anasema aliwaza hivyo kwa muda wa kutosha kufurahia wazo lenyewe, akaliacha. Ukimfukuza mmoja, watakuja wengine kumi wenye huruma ile ile, na hao hujui watakuja saa ngapi. Badala yake aliichukua ile stuli ya makosa, akaiweka kando ya vyuma, akamwomba mama aikalie.

"Nakupa kazi. Ukiwa hapa, vyuma hivi ni vyako. Visiguse sakafu, visiguse kitanda, visiguswe na mtu."

"Mtu yeyote?"

"Yeyote."

Hapo, anakiri Sista huku akicheka, ilimpasa aongeze maneno mawili matatu ya kuweka mipaka.

Kesho yake mfagiaji alipofika na kitambaa chake aliambiwa apige deki kwa mbali. Mke wa Refa alipotaka kumbusu mumewe, mama yake mzazi alimwelekeza apite upande wa kichwani. Shangazi mmoja wa kitanda kingine kabisa alisimamishwa na kuulizwa mkoba ule anakusudia kuutundika wapi. Fundi wa paa naye aligundua kuwa supu sasa ina masharti: kwanza vidole vichezeshwe mara kumi, ndipo bakuli lisogezwe.

"Mimi mguu wangu hauna vyuma, mama," alilalamika.

"Vidole si unavyo? Chezesha."

Alhamisi, daktari alipitia jioni kuangalia pini. Alinyoosha mkono kwenye kamba.

"Umenawa?" mama mkwe aliuliza bila kuinuka.

"Mama, mimi ndiye daktari wake."

"Hilo naliona kwenye koti. Nimeuliza mikono."

Daktari alikwenda kunawa. Aliporudi aliambiwa Sista amesema mtu yeyote, kwa hiyo asubiri Sista aitwe. Sista, aliyekuwa zamu ya jioni siku hiyo, aliitwa kutoka kwenye kitanda cha mbali, mbio, akidhani mgonjwa amezidiwa. Akamkuta daktari amesimama na mikono inayochuruzika maji, na mama amekaa kwenye stuli, magoti yamezunguka vyuma kushoto na kulia bila kuvigusa, kama mtu anayelinda ndoo kwenye foleni ya bomba.

"Mruhusu, mama."

"Sasa sawa. Gusa."

Refa hakuguna usiku ule, wala uliotangulia. Lakini Ijumaa alfajiri alishindwa kula tena. Mashine ya eksirei ililetwa kitandani, kamba ikiwa imekaza, picha ikapigwa, na wote wakabaki wakingoja. Mke wa Refa alishika mkono wa mumewe. Mama mkwe, aliyeruhusiwa kuingia kabla ya saa, hakumshika mtu. Alikuwa ameikazia macho kamba.

Daktari alirudi, akaiinua picha dirishani.

"Zimekutana," alisema. "Zimekaa mstari mmoja. Sasa tuvute hivi hivi hadi zishikane, kisha magongo, kisha mazoezi."

"Na kuchechemea?" Refa aliuliza.

"Ukichechemea itakuwa uvivu wako."

Refa alijifunika shuka tena, safari hii hadi juu ya kichwa, na shuka likatikisika. Mama mkwe aliiomba picha, akaishika juu chini, akaikagua kwa makini na kutamka kuwa ni mfupa mzuri, wa mtu aliyelishwa vizuri.

Kwa Sista Kamba, Ijumaa ile ilimpa hoja aliyokuwa akiikosa. Ameomba kwa muuguzi mkuu apewe kitanda kimoja kibovu kutoka stoo, awekee kamba, kapi na mfuko wa mchanga badala ya mguu, kikae nje ya mlango wa wodi. Kila jamaa anayekuja mara ya kwanza atafundishwa hapo kabla ya kuingia: avute, aachie, aone mfuko unavyokwenda. Muuguzi mkuu amekubali kutoa kitanda. Mwalimu hana, kwa sababu wauguzi wawili hawatoshi hata ndani.

"Sitaki waache kuwaonea huruma watu wao," Sista anasema. "Nataka huruma ipitie kwangu kwanza."

Darasa litaanza Jumatatu saa ya wageni, na mwalimu amepatikana: atafundisha kwa kujitolea, ameshauliza chaki zinawekwa wapi, na ameonya kuwa wachelewaji watasimama nyuma. Mwanafunzi wa kwanza amekwisha kuandikishwa pia, bila kuulizwa. Ni mke wa fundi wa paa, aliyerejea safari jana na kukutwa akimkuna mumewe ndani ya plasta kwa sindano ya kufumia.

Sindano hiyo iko mfukoni mwa mama mkwe. Anasema mwenye nayo atarudishiwa akifaulu.