Mbeba Dawa Hajibu Salamu

Binti yangu alikuwa na miaka miwili alipopandisha homa, katika zile siku ambazo vijana walifunga mji na sisi tukaziita kwa Kifaransa ville morte, mji mfu. Magari hayakutembea, famasi zilishusha milango, na aliyetoka nje alijua anaweza kurudi amebebwa. Baba wa mtoto alikuwa amekwama Gitega kikazi. Nyumbani kwetu, mtaa wa Mutanga Nord, tulikuwa watatu: mimi, mtoto, na mama mkwe wangu aliyetukimbilia kutoka vilima vya juu ya Rumonge.

Niseme ukweli, mama yule alinichosha. Siku aliyofika, kabla hata ya kuketi, alizunguka ua wetu akivunja majani na kuyanusa. Mimi nilikuwa karani ofisini Rohero, na dawa kwangu ilikuwa kitu kilichotoka kwenye boksi, na karatasi yake ya maelezo ndani. Alipochemsha majani yake machungu ya tumbo nilifungua madirisha yote, makusudi, ili anione.

Siku ya pili ya homa mtoto aliacha kulia. Hapo ndipo nilipoogopa hasa, maana mtoto anayelia bado ana nguvu. Mama mkwe alimshika nyayo, akanitazama.

"Tutafute umuravumba," alisema.

Umuravumba ni kichaka cha majani yanayonata kidogo, chenye harufu kali, na zamani kila ua ulikuwa nao. Wetu haukuwapo tena. Wanajeshi walituamuru tukate vichaka vyote vya uani, watu wasipate pa kujificha. Uliobaki niliujua mahali pamoja tu, ng'ambo ya kizuizi cha askari, kwenye nyumba iliyoachwa na majirani waliovuka mpaka kukimbilia Uvira.

"Nitaenda mi," alisema.

"Apana, Mama. We ubaki na mutoto." Lafudhi yake ya vilimani peke yake ingemtia matatani kwa wale askari.

"Basi usikie. Ukiisha kuchuma, usiongee na mutu mupaka unifikie hapa. Mutu akikusalimia, usijibu. Ukijibu, dawa inakufa."

Niliitikia ndiyo, ndiyo, ili anyamaze.

Nilipokwenda, alfajiri ikipambazuka, kizuizini hapakuwa na mtu. Niliporudi na majani kifuani walikuwa wamefika. Mmoja, bunduki magotini, aliniita kwa furaha kabisa: "Bwakeye, mama!" Kwetu asiyejibu salamu ana jambo moyoni, na mwaka ule mwenye jambo moyoni hakuulizwa mara mbili. Mdomo wangu ulijibu wenyewe, "Bwakeye neza," akanipungia mkono nipite.

"Uliongea na mutu?" mama mkwe aliuliza mlangoni.

"Apana."

Aliyatwanga, akayakamua, akamnywesha mtoto kijiko kwa kijiko, na makapi akampaka mwilini. Nilikaa nikihesabu pumzi. Ilipofika adhuhuri mwili ulikuwa unachoma vilevile na midomo imepasuka. Mimi sikuwa na imani na mambo ya salamu, jamani, nilisoma. Lakini nilishindwa kumtazama mama yule usoni.

"Hii dawa haijanikatalia hata siku moja," alisema, akiigeuza mikono yake. "Ni mikono yangu. Imezeeka."

Hilo ndilo lililonivunja. Nikikiri, nilijua atatoka mwenyewe, na huyo askari angemsalimia mpaka koo likauke asipate jibu. Nikinyamaza, mtoto yuko pale anakufa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo chenyewe hakingekuwa changu. Nikamwambia.

Hakunigombeza. Alifunga kitenge chake na kuelekea mlangoni. Nilikishika kitenge, tukavutana pale kama watoto.

"Watakuua, Mama!"

"Na huyu je?"

Nilimshinda kwa sababu nilikuwa kijana zaidi, si kwa sababu nilikuwa na haki. Nikatoka mbio.

Saa nane mchana walikuwa watatu kizuizini. Kwenda, waliniacha nipite. Kurudi, yule wa asubuhi akainua mkono: "Mwiriwe, mama!"

Nikafunga mdomo. Sikuwa nimeanza kuamini ghafla. Niliogopa tu kwamba mtoto akifa, nitabaki maisha yangu yote na huu mdomo.

"We! Unasalimiwa!" Mwenzake alisimama, bunduki ikasimama naye. Nikawanyoshea majani.

Yule wa kwanza akaja. Alichukua jani moja, akalifikicha vidoleni, akanusa.

"Iko mugonjwa nyumbani?"

Nilitazama chini.

"Mutoto?"

Machozi yalinitoka, hayo sikuyaweza.

"Umuache," alimwambia mwenzake. "Anabeba dawa, hawezi kusema." Kisha akaongeza, polepole, "Asubuhi pia alikuwa nayo. Ni mi nilimusalimia."

Akawanyamazisha wenzake, akatoka barabarani, akanipa mgongo mpaka nikapita.

Jioni mtoto alitoka jasho, akaomba maji. Mji ulipofunguka nilimpeleka kwa daktari, akasema ni malaria, akampa kinini, akanigombeza kwa kuchelewa, na alikuwa na haki. Mpaka leo sijui ni nini kilichomvusha zile siku mbili, na mama mkwe hakuwahi kuniuliza naamini nini.

Siku iliyofuata ile jioni, kabla mji haujafunguka, nilirudi kizuizini mikono mitupu. Nilitaka yule askari ajue kwamba salamu yake haikumuua mtoto. Nikakuta wengine kabisa. Walinisalimia, nikawajibu, na sikuthubutu kuwauliza mwenzao yuko wapi.