Pumzi ya Dada Kwenye Tangazo la Dawa

Dada yangu ni msomaji wa hadithi redioni, na tangu nipate akili sijamwona akimwamini mtu. Akienda sokoni anageuza nyanya moja moja kama anatafuta alama za vidole. Akipigiwa na namba ngeni hasemi kitu, anasubiri aliyepiga ajitaje kwanza. Nyumbani tulizoea kumcheka. Siku alipotoka jikoni na mwiko mkononi, macho yamemtoka, kicheko kilituishia.

"Nani kaniibia sauti?"

Kwenye simu yake kulikuwa na tangazo la dawa ya mgongo, na aliyekuwa akiisifu ni yeye. Ni sauti yake ile ile, nzito kidogo, inayosita kabla ya neno muhimu. Dada hajawahi kulisoma tangazo hilo, wala kuiona dawa yenyewe. Majirani wawili walikuwa wamekwisha kuinunua. "Si wewe mwenyewe umesema?" walimwambia, na mmoja alikuwa amevimba uso kwa dawa hiyo.

Mimi ndiye ninayejua mambo ya simu nyumbani, kwa hiyo nikamweleza: hiyo ni akili mnemba. Kompyuta inasikilizishwa sauti ya mtu mpaka inaiweza. Tukaenda ofisi ya hakimiliki. Ofisa alitupokea vizuri, akasikiliza tangazo, akatikisa kichwa.

"Mama, sauti za watu hufanana. Nionyesheni kwamba hii imetoka kwako, na ilichukuliwa wapi."

Huko redioni nako mkuu wa vipindi alikuwa amelisikia tangazo. Alimwambia Dada, huku anacheka, kwamba mashine haikohoi wala haiombi likizo. Dada hakuona utani hapo. Asipothibitisha kwamba sauti ni yake, kiti chake kingekaliwa na sauti yake mwenyewe.

Alirudi nyumbani akalicheza lile tangazo hadi nikachoka. Ghafla akainua kidole.

"Hapo! Umesikia?"

Nilisikia. Kabla ya kila sentensi ndefu kulikuwa na mlio mdogo wa pua, tk. Dada anapovuta pumzi pua yake hulia hivyo. Wasikilizaji hawaujui mlio huo, kwa sababu Fundi Mitambo, aliyemrekodi kwa miaka kumi na tisa, huuondoa kwa mkono, mmoja mmoja, kabla kipindi hakijaenda hewani. Basi mashine haikujifunzia redioni. Ilipewa rekodi mbichi, ambazo hazijasafishwa.

"Na rekodi mbichi anazo nani?" Dada aliuliza.

"Fundi," nikasema.

Nilisema upesi mno. Yule mzee sikuwahi kumpenda. Haongei, kabati lake halikosi kufuli, funguo anazivaa shingoni. Mtu anayefunga vitu namna hiyo, nilijiambia, ana kitu anachoficha. Dada hakuhitaji kusukumwa mara mbili. Kesho yake studioni, watu wote wapo, alimuuliza, "Fundi, mlio wa pua yangu uko kwenye lile tangazo. Sauti yangu umempa nani?"

Fundi alivua visikizio masikioni. "Mama, mimi?"

Mkuu wa vipindi akamtaka akabidhi funguo mpaka ukweli ujulikane, naye akazivua shingoni akazikabidhi. Mimi nilifurahi, siwezi kuficha.

Ofisa, tulipomweleza habari ya ule mlio, akataka sasa tumpelekee rekodi zote mbichi tulizo nazo. Nikapekua simu yangu, nikakutana na rekodi kumi na sita nilizokuwa nimezisahau. Ni za wakati Dada alipovunjika mguu, akawa anasomea nyumbani, amejifungia kabatini katikati ya nguo ili sauti isirudi na mwangwi. Kelele za nyundo ya jirani zilikuwa zikiingia humo humo. Mimi mjuaji nikapata tovuti ya bure ya kuondoa kelele. Nikaipa rekodi zote, nikabonyeza "nakubali", kisha nikamtumia Fundi amalizie.

Nikayafungua masharti ya ile tovuti, safari hii nikayasoma. Anayetuma sauti anatoa ruhusa ya kudumu itumike kufunzia mashine, na washirika wa tovuti wapewe pia.

Niliwaza kuzifuta zile rekodi. Nani angejua? Dada alikuwa amekaa mbele yangu, anakunywa chai. Huyu anayeshuku mpaka nyanya, mimi hakuwahi kunishuku. Nikamwambia kila kitu.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Vaa viatu," alisema.

Tulipofika kwake, Fundi alifungua mlango mwenyewe. Dada hakungoja kukaribishwa. "Fundi, nimekukosea. Aliyezitoa rekodi ni huyu mdogo wangu, kwa kutojua. Aliyekuvunjia heshima mbele za watu ni mimi."

Nikampa simu. Alisoma masharti yote, taratibu, mpaka mstari wa mwisho.

"Ofisa anasemaje kuhusu ule mlio wa pua?"

"Anataka mtu wa kuthibitisha kwamba ni wangu, na kwamba huwa unaondolewa."

"Nitakuja kuthibitisha. Sauti ni yako, na aliyekubali si wewe; hawana haki nayo. Nami naijua kukushinda wewe."

Uso wa Dada ulianza kufunguka. "Na studioni nitawaambia mwenyewe, wakurudishie funguo zako."

"Waambie ukweli, inatosha. Kurudi sirudi." Alimtazama. "Miaka kumi na tisa, Mama. Ulishindwa kuniita pembeni?"

Dada alivuta pumzi, pua ikalia, tk.

"Siku ya kwenda ofisini nijulishe mapema," Fundi alisema, akarudisha mlango polepole.