Jirani Anayekimbia Kando ya Mto

Kila asubuhi jirani yangu hukimbia kwenye njia ya msituni inayofuata mto. Masikioni ana visikilizio, lakini waya wake unaning'inia tu, haujachomekwa popote. Anasikiliza vishindo vya walio nyuma. Ufunguo wa nyumba huubana kati ya vidole, ncha nje. Yeye humsalimu kwa sauti kubwa kila anayekutana naye. "Wanikumbuke," aliwahi kuniambia, akicheka kwa meno tu. Jana, karibu na daraja, nilimwona mbele yangu, nikakaza mwendo nimfikie, tukimbie pamoja. Hakugeuka. Alijitosa mtoni, maji yakamfika kiunoni, akanielekezea ufunguo.

"Dada, usiogope! Ni mimi, jirani yako!"

Akarudi nyuma hatua moja, kwenye kina.

"Najua ni wewe, kaka. Nilikujua tangu kule darajani."