Kadibodi Kwenye Msumari wa Ufunguo

Mume wangu hakuuza maji ya dripu ya hospitali. Wanaoeneza kwamba aliyauza ndio hao hao waliokuwa wakipanga foleni mlangoni kwetu kumwomba awadhamini kazini, na wema wake wameusahau upesi kuliko walivyosahau kunirudishia viti vya msibani. Mimi nimesoma, sibishani bombani. Naandika.

Alikuwa mkuu wa bohari ya dawa. Walimwita Bwana Stoo, naye alilipenda jina hilo kuliko cheo. Alikuwa na desturi yake: ufunguo ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na mfanyakazi yeyote mwenye shughuli aliuchukua, akaurudisha. "Mwizi hutengenezwa na kufuli," alikuwa akisema. Na kwa miaka mingi hakikupotea hata kidonge.

Kisha ukaletwa mfumo wa kompyuta uliounganisha bohari, ofisi ya manunuzi na magari. Mzigo ukiingia, bohari inaandika kwamba umepokelewa. Watu wa manunuzi wakiona kwenye kioo kwamba mali ipo, hawaagizi nyingine. Kila mtu alipewa neno lake la siri, lakini wa zamu walikuwa wakisahau ya kwao na foleni ya malori inarefuka. Mume wangu akaandika la kwake kwenye kipande cha kadibodi, akakitundika kwenye msumari ule ule.

Nilimwonya. "Hilo si ufunguo, baba. Hilo ni jina lako."

"Mke wangu, umesoma mpaka umezidi," akacheka.

Lori moja la maji ya dripu halikufika bohari. Lilishusha mzigo kwingine, na kwenye mfumo pakaandikwa umepokelewa, kwa jina lake. Manunuzi hawakuagiza. Maji yalipokwisha wodini, wauguzi walikuja bohari wakakuta rafu tupu, huku kompyuta ikisema zimejaa. Wodi ilikuwa na wagonjwa wa kuhara. Baadhi yao hawakurudi makwao, na hao siwezi kuwapita kimya.

Mkuu wa ugavi alikuja nyumbani kwanza, kabla ya kwenda polisi, kwa heshima. Sebuleni tulikuwa mimi, mama mkwe wangu, na mdogo wake mume wangu, ambaye kaka yake ndiye aliyemtafutia kazi pale bohari.

"Bwana Stoo, mfumo unasema aliyepokea ni wewe."

"Jina ni langu. Mkono si wangu."

"Neno lako analo nani mwingine?"

"Wote."

"Mfumo haumjui mtu anayeitwa Wote. Nitajie mmoja tu, kaka, nikutoe humu."

Mume wangu alijua nani alikuwa zamu siku ile. Hakumtazama mkuu wake, alimtazama mama yake. Mama mkwe akavuta mtandio, akasema polepole, "Mimi nimezaa wawili tu."

Mdogo mtu akaweka kikombe chini, akavuta kiti chake nyuma ya cha mama.

"Basi andika ni mimi," mume wangu akasema.

Kesi haikufika kusikilizwa. Kifua kilimzidi akiwa rumande, na nilipoitwa alikuwa ameshafunikwa. Makaburini mdogo wake alilia kutuzidi sote, hata majirani wakasema huyo ndiye ndugu.

Mama mkwe anakaa kwangu. Namwogesha, namlisha, usingizi ukimpaa namkalia. Mwanawe huja kumwamkia, nami humwekea kiti. Juzi mkuu wa ugavi alituma mtu: nikiandikisha maelezo, jina la marehemu litasafishwa. Nafahamu. Lakini jina lile ni la nyumba nzima, na mwenyewe alichagua alitunze vipi.

Nimesema hakuuza. Nani aliuza, mkaulize kwingine. Mimi sisemi.