Pai ya Aaltje na Jumamosi za Harm

Kwetu Drenthe, huku Uholanzi, siku yako ya kuzaliwa ni siku ya kazi. Mwenye siku ndiye anayeoka, ndiye anayepanga viti duara sebuleni, ndiye anayemimina kahawa. Nina miaka sitini na sita na sijaona haki yoyote katika jambo hilo, lakini naoka kama wenzangu.

Jirani yangu Aaltje alitimiza sitini na moja mwezi wa Novemba. Nilipoingia kwake asubuhi kumsaidia kumenya matufaha, nilimkuta amesimama mezani, kisu mkononi, macho ameyafumba. Huu ni mwaka wa tisa anamtunza mama yake, Hendrikje, mwenye miaka themanini na tisa, ambaye humwamsha mara tatu kila usiku. Wasemao kuzaa si kazi, kazi ni kulea, hawajamlea aliyewazaa.

Aliniambia leo atamwomba kaka yake, Harm, amchukue mama kila Jumamosi. Siku moja tu katika juma, naye alale. Nikamshauri aseme mapema. Akasema atasema baada ya pai, maana Harm akishiba hana ubishi.

Mama alikuwa papo hapo kwenye kiti chake jikoni, anasikiliza na kusimamia. Unga ni laini mno, alisema. Zabibu ni chache. Akamwagiza Aaltje atandaze chembe za mkate mkavu chini ya matufaha, zinyonye maji yake. Aaltje alikuwa ameshatandaza. Akatandaza tena. Hilo liliniuma kuliko kama angejibu kwa hasira.

Saa nane mchana wageni kumi na mmoja walizunguka duara wakishikana mikono na kila mtu. Kwetu hapongezwi mwenye siku peke yake, hupongezwa pia ndugu zake. Harm alipongezwa kwa kupata dada, akapokea pongezi kana kwamba amemzaa yeye. Nyumba yake ni robo saa tu kwa baiskeli, lakini humwoni mpaka kalenda ya siku za kuzaliwa, ambayo kwetu hutundikwa chooni, imkumbushe kuna siku ya mtu.

Pai ikakatwa, kipande kimoja kila mtu na krimu juu. Aaltje aliwahudumia wote, kisha akaketi kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

"Mama ametulia kweli hapa kwako, dada," Harm alisema, mdomo umejaa.

Nikamkazia macho Aaltje: sema sasa. Alifungua mdomo. Kisha kidevu kikashuka kifuani, uma ukamponyoka, akalala pale pale mbele ya wageni wake. Nikaiwahi sahani mapajani mwake.

Mtu mmoja akacheka. Harm akanyoosha mkono amtikise bega.

"Usimguse," Mama alisema kutoka kiti chake kwenye duara, bila kupaza sauti. "Huyu anaamka mara tatu usiku kwa ajili yangu. Wewe, Harm, uliamka lini?"

Harm akaurudisha mkono. Mama akamwamuru akusanye sahani akaoshe, na akamwambia kwamba kuanzia juma hili, Jumamosi yeye Mama atashinda kwa Harm. Harm akaanza habari za mazoezi ya kwaya.

"Nitakuja nawe," Mama alisema. "Nitakaa nyuma nisikilize mnavyokosea."

Tulimalizia kahawa kwa kunong'ona, kisha wageni wakaondoka mmoja mmoja, viatu mkononi mpaka mlangoni.

Aaltje aliamka giza likiingia. Kwanza aliuliza kama kila mtu alipata pai. Halafu akasikia vyombo vikigongana jikoni, akaniuliza ni nani. Nikamwambia ni kaka yake.

"Jumamosi nakwenda kwake," Mama alisema.

Aaltje akamgeukia. "Jumamosi ipi, Mama?"

"Zote. Sasa kula pai yako."

Nikampa sahani yake. Alikula huku machozi yakimtoka, wala hakuyafuta.